Fangasi imeshikwa, ngozi bado yawaka: Vaseline, zinki, kalamini, nazi au poda?

Siku ya tisa ya dawa, mwasho ulikuwa umekwisha. Ule mviringo uliokuwa ukitambaa pajani ulikuwa umesimama, kingo zake zimelala, magamba yameanza kupukutika. Kwa kila hali nilikuwa napona. Lakini asubuhi ile niliposhuka kwenye feri ya Likoni, hapa Mombasa, na kuanza kupanda ule mwinuko wa upande wa kisiwani, umati mbele na umati nyuma, kila hatua ilikuwa kama mtu anapitisha msasa katikati ya mapaja yangu. Nilifika kazini machozi yananilenga.

Nauza leso na vikoi Biashara Street, kazi ya kusimama na kutembea kutwa. Kaka yangu ni dereva wa bodaboda. Yeye hushinda juu ya kiti cha ngozi bandia kinachochemka jua likipanda. Sote tulipata fangasi kaskazi moja, mimi chini ya matiti na mapajani, yeye kinenani, na sote tulipewa dawa moja, krimu ya klotrimazoli. Dawa ilitufaa sote. Ila kituliza kilichonisaidia mimi kilimtesa yeye, na chake kwangu kikawa taabu tupu. Nimekaa nikaviweka vyote pamoja hapa kwa sababu naona watu wengi wa mji huu wakiharibu mambo katika hatua hii hii: wakisikia maumivu hudhani dawa imeshindwa, basi hubadilisha tyubu, huongeza limau, humwagia spiriti, na ngozi iliyokuwa yapona huanza upya.

Tutenganishe jambo moja kwanza. Dawa ya fangasi ndiyo inayoua. Vituliza hufunika, hupoza au hukausha ngozi iliyochubuka mpaka iote upya, basi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi nitakavyovitaja kinachochukua nafasi ya dawa, na dawa yenyewe haiachwi eti kwa kuwa mwasho umetulia. Klotrimazoli ya asilimia 1 kwa kawaida hupakwa mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, na huendelea kupakwa hata baada ya ngozi kuonekana safi. Terbinafini ya asilimia 1 huwa na safari fupi zaidi, mara nyingi wiki 1 au 2, ingawa kwa kandida, ile fangasi ya jamii ya hamira inayopenda mikunjo yenye unyevu, nguvu yake ni ndogo.

Itazame ngozi yako leo

Mwasho na maumivu si kitu kimoja. Fangasi huwasha. Mchubuko huuma, na huchonyota jasho au maji yakiingia. Ukiamka usiku kujikuna, dawa bado ina kazi mbele yake. Ukikunja uso unapotembea au unapooga, hiyo ni ngozi inalia.

Kisa cha kulia ni hiki: fangasi za ngozi hula keratini, ile protini inayolifanya tabaka la juu kuwa gumu. Zikishatolewa huacha ngozi nyembamba, laini kama ya mtoto, na hapo ndipo jasho lenye chumvi hupita na paja husugua paja. Mombasa mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, hewa imejaa unyevu wa bahari, na jasho halikauki mwilini. Mtu wa Nyeri, kule kwenye baridi, mwenye fangasi hiyo hiyo anaweza kupona bila kupaka chochote zaidi ya dawa. Sisi twahitaji msaada.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, chukua kioo, keti penye mwanga, utazame. Je, pamelowa, pabichi, panavuja majimaji au panatoa harufu? Au pamekauka, panavutika, pamechanika vijistari? Au pamefunga kabisa, ila panasuguana tu? Majibu haya matatu ndiyo yanayoamua. Na jambo jingine kwa sisi wenye ngozi nyeusi: usisubiri wekundu unaosimuliwa kila mahali. Kwetu ngozi iliyokasirika mara nyingi huonekana ya kahawia iliyokolea, ya zambarau au ya kijivu.

Vaseline na krimu ya zinki

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, kwa hivyo nitakaa hapa.

Vaseline na jeli nyingine za petroli, hata Arimis iliyotengenezwa kwa ajili ya kupaka chuchu za ng'ombe na sisi Wakenya tukaihamishia miilini mwetu, kazi yake ni kufunika. Haizami ndani. Hukaa juu kama utando, huzuia maji ya ngozi yasitoroke, na huliwezesha paja kuteleza juu ya paja. Kwa ngozi iliyofunga lakini yasuguana, au iliyokauka ikachanika baada ya wiki kadhaa za dawa, sijapata cha kuishinda. Ndiyo iliyonivusha. Nilikuwa napaka safu nyembamba katikati ya mapaja kabla ya kuondoka nyumbani na tena baada ya adhuhuri, na siku ya tatu niliupanda ule mwinuko wa feri bila kusimama. Chagua isiyo na harufu wala rangi. Zile zenye manukato ya waridi huchonyota penye mchubuko, na mtu akadhani ni fangasi imerudi.

Lakini utando ule ule unaoyazuia maji yasitoke, hulifungia na jasho ndani. Kaka yangu alipaka Vaseline yangu asubuhi, akakaa juu ya pikipiki mpaka alasiri, na aliporudi kinena kilikuwa cheupe na kimevimba kama vidole vilivyokaa kwenye ndoo ya nguo. Palikuwa pabichi, na pakabichika zaidi. Fangasi hupenda penye joto, giza na unyevu. Ukifunga jasho penye fangasi ambayo bado haijafa, unaitandikia kitanda.

Kwake iliyofaa ni zinki. Ni ile krimu nyeupe nzito ambayo akina mama huwapaka watoto wachanga waliobabuka kwa nepi. Ndani yake mna unga wa zinki oksaidi uliochanganywa na mafuta, kiasi cha asilimia 10 katika krimu nyepesi hadi 40 katika zile nzito kabisa. Ule unga ndio unaoleta tofauti: hunyonya unyevu kidogo, hupunguza mchonyoto, na haukimbii joto likipanda. Vaseline ifikapo saa sita mchana Mombasa huwa imeyeyuka na kuishia kwenye nguo. Zinki hubaki pale ulipoiweka. Siku mbili za zinki na yule ndugu yangu alianza kukaa kama watu wengine.

Ina taabu zake, na nataka uzijue mapema. Hutia doa jeupe kwenye nguo nyeusi, na buibui hainusuriki. Pia haitoki kwa maji. Mimi nilipoijaribu mapajani niliisugua kwa sabuni na kitambaa mpaka nikaitoa na ngozi pamoja, na ndiyo maana nikasema kwangu haikufaa. Baadaye nilifundishwa na muuguzi: tia mafuta ya nazi kidogo kwenye pamba au kitambaa laini, pitisha taratibu, na kilichobaki kiache. Safu safi ya chini haina haja ya kubanduliwa. Ongeza juu yake.

Yote mawili yana sharti moja. Dawa hutangulia. Osha, kausha, paka dawa safu nyembamba hadi sentimita 2 nje ya mpaka wa ugonjwa, ngoja dakika 15 au 20 ikauke, ndipo ulete kifuniko. Ukianza na zinki, dawa itabaki juu ya ukuta na haitafika inakotakiwa. Mimi nilikuwa natumia dakika hizo kunywa chai na mahamri, nimejifunga leso tu.

Kwa wanaoswali, niliulizwa na shoga yangu kama zinki inazuia udhu. Viungo vya udhu ni uso, mikono hadi vifundo vya viwiko, kichwa na miguu. Mapaja na kifua havimo. Kwenye josho ndipo maji yanapotakiwa kufika mwili mzima, basi hapo iondoe kwanza kwa mafuta kama nilivyoeleza.

Na tahadhari mbili za jeli na mafuta yote kwa jumla, maana watu hawaambiwi. Huharibu kondomu za mpira, hata kama yamepakwa pembeni tu. Na nguo iliyolowana mafuta ya petroli hushika moto haraka sana; dada zangu mnaokaanga viazi na bajia mbele ya jiko, msiache leso yenye Vaseline ya wiki nzima kiunoni. Ifueni kwa maji ya moto, na hata hivyo mkae mbali na mwali, maana mafuta hayo hayatoki yote.

Kalamini

Ile losheni ya rangi ya waridi ambayo wengi twaijua tangu utotoni, tulipopata tetekuwanga. Nayo ni zinki oksaidi, imetiwa oksaidi ya chuma inayoipa rangi. Tofauti ni kwamba imechanganywa na maji, si mafuta, kwa hivyo hupoza inapokauka na huacha vumbi jepesi juu. Kwa harara ya mgongoni na kifuani, penye upana na pasipokunjika, ni nzuri sana na bei yake si kubwa. Katikati ya mapaja ni makosa. Ikikauka huwa kama mchanga mwembamba, na ukitembea unajisugua nao. Kwenye ngozi iliyochanika huikausha zaidi. Niliipaka usiku mmoja chini ya matiti nikalala nimepoa. Asubuhi pamekakamaa na kupasuka.

Nazi, liwa na shubiri

Bibi yangu alizaliwa Mji wa Kale, na nilipomwambia siwezi kupaka mafuta ya nazi kila mahali alinitazama kwa huruma. "Sisi twalelewa na nazi, mjukuu wangu. Itazame ngozi yangu." Na kweli ngozi yake ni ya kutamanika. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo maabarani huonekana kuzuia baadhi ya vijidudu na hata kandida. Lakini chupa ya maabara si paja la mtu anayetembea, na sikushauri uyategemee kuua fangasi. Kama kituliza yana nafasi yake: usiku, kwenye ngozi iliyokauka yenye magamba, umelala na kikoi tu. Mchana hayakai. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hivyo Mombasa karibu mwaka mzima ni maji, na ukiyapaka saa moja asubuhi, saa tatu yako kwenye sketi. Yale ya kupikwa nyumbani yakibaki na tui ndani huchacha upesi. Ukisikia harufu, yapeleke kwenye taa ya utambi, usiyapeleke kwenye ngozi mbichi.

Na ikiwa ulichonacho ni mba, yale mabaka meupe au ya kahawia ya kifuani na shingoni, achana na mafuta ya nazi kabisa. Fangasi ya mba huishi kwa kula mafuta ya ngozi; ukiongeza, unailisha.

Liwa naipenda kwa moyo wote. Harusi zetu hazikamiliki bila yake, na ikisagwa vizuri juu ya jiwe kwa maji, hupoza harara kwa namna ambayo krimu nyingi haziwezi. Lakini huo msandali una chembe, na liwa nyingi sokoni zimetiwa marashi. Penye mchubuko chembe husugua na marashi huunguza. Iweke kwa ajili ya ngozi iliyokwisha kupona.

Shubiri huleta ubaridi wa papo hapo, na ukitaka kuitumia jua tofauti ya vitu viwili ndani ya jani lile. Ule ute mweupe wa katikati ndio unaopoza. Yale majimaji ya manjano yanayotoka chini ya ganda ukikata ndiyo machungu, na huwasha ngozi. Lisimamishe jani lichuruzike kwanza, lioshe, kisha ndipo umenye. Ijaribu mkononi siku moja kabla ya kuipeleka kinenani. Na haifuniki chochote: ikishakauka, paja lako liko pale pale lilipokuwa.

Limau, siki, spiriti, kitunguu saumu kilichopondwa, dawa ya kung'arisha nguo, maji ya kuua vijidudu bila kuchanganywa. Kwa haya sina ulinganisho. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi huunguza kama moto hasa, na mengine nayo huongeza kidonda juu ya mchubuko. Nawaomba, nawasihi, hasa vijana wa kiume mnaojifungia bafuni na chupa ya spiriti kwa sababu mnaona haya kumwonyesha daktari: hakuna haya katika ugonjwa huu. Unaletwa na jasho na nguo, na huwapata wasafi kama wengine.

Poda

Poda ndiyo kimbilio la Mombasa, shingo nyeupe kila jioni ya kaskazi. Penye ngozi kavu na nzima hupunguza msuguano kwa saa moja mbili. Jasho likija huwa ugali mwembamba, huviringika kuwa punje ndani ya mkunjo, na punje hizo ndizo zinazochubua. Unga wa wanga wa mahindi ambao wengine huutumia badala yake, wataalamu wengi wa ngozi huukataza penye kandida, maana huhofia kuwa wanga ni chakula chake. Poda za talki nazo zimekuwa na maswali mengine; Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya watoto ya talki duniani kote mwaka 2023 baada ya kesi nyingi, na mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Poda ninayoikubali ni ile yenye dawa ya fangasi ndani, kama mikonazoli au klotrimazoli, na wakati wake ni baada ya kupona. Kaka yangu hujinyunyizia kidogo kinenani na ndani ya viatu kila asubuhi akishakauka vizuri.

Tyubu ya tatu kwa moja

Kabla ya klotrimazoli, nilikosea. Niliingia duka moja la dawa nikiwa na haraka ya kuwahi feri, nikasema nina vipele vya mapaja, na kabla sijamaliza nikapewa tyubu. Hakuna aliyeniuliza swali. Siku mbili tu na mwasho ulikwisha, weusi ukafifia, nikawasifia kwa kila mtu. Wiki ya tatu nilipoacha, ulirudi ukiwa umeshuka hadi karibu na magoti, bila kingo zile za kawaida, ukiwa umesambaa ovyo hata muuguzi akashindwa kuutambua kwa macho.

Tyubu zile huwa na dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali pamoja. Steroidi hunyamazisha mwasho kwa kuunyamazisha ulinzi wa mwili wenyewe. Unajisikia umepona huku fangasi yapata nafasi ya kuenea, na sura yake hubadilika hata daktari akadanganyika. Kwenye mikunjo ngozi ni nyembamba na hunyonya zaidi, kwa hivyo madhara huja haraka: ngozi huzidi kuwa nyembamba, na huachwa na michirizi isiyotoka tena maishani. Ninayo miwili. Mwaka 2020 wanasayansi waliipa jina aina ya fangasi, Trichophyton indotineae, iliyoenea kutoka Bara Hindi na ambayo mara nyingi haisikii terbinafini. Matumizi holela ya tyubu hizi ni miongoni mwa mambo yanayotajwa kuichochea.

Soma sanduku. Ukiona betamethasoni, klobetasoli au deksamethasoni, irudishe na uombe dawa ya fangasi peke yake. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni steroidi dhaifu, na daktari anaweza kukupa utumie pamoja na dawa ya fangasi kwa siku chache za mwanzo, zisizozidi wiki, kama mwasho ni mkali. Kuitumia peke yake ni kosa lile lile kwa kipimo kidogo.

Vidonge vya mzio kama Piriton huleta usingizi kuliko vinavyoondoa mwasho wa fangasi. Dereva asivinywe mchana.

Vituliza visivyouzwa dukani

Usiku ule mbaya kabisa kilichonilaza kilikuwa kitambaa cha pamba kilicholowekwa kwenye maji baridi safi, kikakamuliwa, nikakiweka dakika 10. Baada yake lazima ukauke kabisa. Gusagusa kwa taulo, usisugue, kisha jipepee. Taulo ya sehemu zile iwe yake peke yake na isiguse miguu, na kama una fangasi ya vidoleni vaa soksi kabla ya chupi, maana nguo ya ndani ikipita miguuni huipandisha juu.

Maji yetu nayo ni habari. Nyumba nyingi za huku zaoga kwa maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi hiyo ikikauka juu ya mchubuko huchonyota kama jasho. Nilijiwekea kopo moja la maji matamu la kumalizia, ya mapajani na kifuani tu. Kopo moja. Lilinisaidia kuliko krimu mbili nilizokuwa nimenunua. Na tunaostanji kwa maji mara tano au sita kwa siku, tukumbuke kwamba kila mara tunaacha unyevu kinenani. Bebeni kitambaa safi cha pamba mkaukie, kifuliwe kila jioni.

Kuhusu nguo nitasema kama muuzaji, na sisemi kwa ajili ya biashara yangu. Kikoi cha pamba bila kitu ndani usiku ni tiba kwa mwanamume, na leso iliyofuliwa mara nyingi ikalainika ni tiba kwa mwanamke. Chini ya matiti nilikuwa nakunja kipande cha leso kuukuu, nakibadilisha kila kinapolowa, mara tatu kwa siku kipindi cha joto. Ukikiacha kimelowa ni afadhali usiweke. Mchana ndani ya buibui nilivaa taiti fupi ya pamba inayofika katikati ya paja, ili nguo isuguane na nguo na ngozi ipumzike. Masika yakiingia na nguo za ndani zikawa zaanikwa chumbani, zipige pasi kabla ya kuvaa.

Kwa hivyo uchukue ipi

Kama pamelowa na ni pabichi, chukua zinki, na usiku kitambaa cha maji baridi kabla ya dawa. Kama kazi yako ni ya kukaa juu ya kiti cha moto, zinki pia, hata kama pamefunga. Kama pamekauka na kuchanika, Vaseline safu nyembamba mchana na mafuta ya nazi usiku ukipenda. Kama ni wa kutembea na ngozi imefunga, Vaseline na taiti ya pamba. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu mfukoni anunue dawa ya fangasi, kwa kituliza atumie kitambaa cha maji baridi na kikoi, na atapona.

Weusi utakaobaki ni kovu la rangi tu, si fangasi. Unaweza kukaa wiki au miezi, na huondoka wenyewe taratibu. Usiufukuze kwa krimu za kujichubua, maana nyingi zina steroidi zile zile, na utakuwa umerudi pale pale mlangoni pa duka la dawa.

Lakini nenda hospitali, usingoje, ukiona usaha, weusi au wekundu unaotambaa kwa kasi, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Nenda pia kama wiki 2 za dawa zimepita bila nafuu yoyote. Huenda si fangasi, kuna bakteria na magonjwa mengine ya mikunjo yanayofanana nayo sana, na wanaweza kukukwangua kidogo ngozi wakaitazama kwa hadubini. Kwa mwanamume, fangasi ya kawaida ya mapaja mara nyingi huziruka korodani. Zikiwa zimeshikwa nazo, mwambie daktari, huenda ni kandida. Na fangasi inayorudi kila baada ya muda mfupi, hasa ukiwa na kiu isiyoisha na kwenda haja ndogo mara kwa mara, omba upimwe sukari siku hiyo hiyo. Jirani yetu mmoja hapa Likoni alijua ana kisukari kwa njia hiyo, kwa mchubuko wa mapaja uliokataa kupona.